Ovaloki ya kushonea nyumbani: ninunue ndogo au ya kiwandani?

Mama wa Nyegezi
Habari za leo, mafundi. Ninashona nyumbani hapa Nyegezi, hasa magauni ya vitenge na sketi za shule, kwa cherehani ya kawaida. Kila nguo inapokamilika hunilazimu kupanda daladala hadi mjini kupigiwa ovaloki, yaani kufungwa ukingo kwa uzi ili usifumuke, na mteja anayeitaka siku hiyohiyo nampoteza. Nimeonyeshwa mashine mbili zilizotumika: ndogo ya nyuzi nne iliyotoka Japani, na kubwa ya kiwandani yenye meza na mota yake. Ile ndogo niliijaribu dukani. Ilishona kama inchi mbili, uzi wa chini ukakatika, muuzaji akautunga upya, ukakatika tena. Je, ni mbovu? Akiba niliyo nayo haitoshi kukosea mara mbili.

Fundi wa Igoma
Pole, dada. Kukatika huko peke yake hakuthibitishi ubovu. Ovaloki haina bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini cha cherehani. Ina lupa mbili, yaani vyuma vilivyopinda vinavyobeba uzi na kuusuka ukingoni mwa kitambaa. Hutungwa lupa ya juu kwanza, kisha ya chini, na sindano mwisho. Uzi wa lupa ya chini ukikatika, wengi hutunga huo tu na kuziacha sindano zilivyo, kumbe uzi wa sindano umekwisha kulala juu ya lupa. Huo mpya unanaswa, na baada ya mishono michache unakatika palepale. Rudi dukani, chomoa nyuzi za sindano zote mbili, inua mguu unaobana kitambaa ili visahani vya mkazo, vile vinavyobana uzi, vilegee, utunge lupa ya chini, kisha sindano. Nenda na mabaki yako mwenyewe ya kitenge na ya jezi, yaani kitambaa kinachonyumbuka, ushone angalau mita moja ya kila kimoja. Nyuzi za lupa mbili zikutane ukingoni kabisa. Ule wa juu ukivutwa hadi upande wa chini, kaza mkazo wake kidogo.

Kwa kazi uliyoieleza, mimi ningechukua ndogo. Ya kiwandani hupita mishono 5,000 kwa dakika, ndogo iko karibu na 1,300 hadi 1,500, na kwa anayejifunza tofauti hiyo ni kubwa sana, kwa kuwa kisu hutangulia mbele ya sindano na kitambaa kilichokatwa hakirudi. Pini zote zitolewe kabla hazijafika kwenye kisu. Cherehani yako usiiuze, maana zipu na vifungo bado vitaihitaji.

Mshonaji wa Nansio
Naomba niongeze jambo moja ambalo liliniumiza. Kabla ya kulipa, soma kibati cha mashine. Umeme wa Japani ni voti 100, wetu ni 230. Yangu niliichomeka ukutani moja kwa moja. Kabla sijamaliza pindo la kwanza, mota ilitoa harufu ya kuungua, na nilivuka nayo kwa feri kwenda Mwanza nikaambiwa haitengenezeki. Ikiwa kibati kinasema 100, transfoma ya kushusha umeme iingie kwenye hesabu ya bei, tena yenye wati zaidi ya zile za mashine.

Mama wa Nyegezi
Nawashukuru sana. Nimerudi leo, kibati kinasema 100, na muuzaji amekubali kunipa transfoma pamoja na mashine. Nilitunga kwa utaratibu ule, na kitenge kimeshonwa mita nzima bila kukatika. Jezi peke yake imetoka na ukingo wa mawimbimawimbi.

Fundi wa Igoma
Hilo halina shida, dada. Ubavuni kuna kitufe cha kuzungusha cha kuratibu safu mbili za meno, ya mbele na ya nyuma, yanayosukuma kitambaa. Kikiwa kwenye 1 meno yote huenda sawa. Kwa jezi kipandishe hadi 1.5, meno ya mbele yasukume zaidi na mawimbi yatalala. Ukirudi kwenye kitenge, kirudishe kwenye 1, la sivyo kitenge kitajikunja.