Tupeane uzoefu: miwani ya kusomea na ya kompyuta baada ya kutolewa mtoto wa jicho

Mhasibu wa Ilala
Wakuu, nimetolewa mtoto wa jicho macho yote mawili na kuwekewa lenzi bandia za kuonea mbali. Namshukuru Mungu, kibao cha daladala nakisoma ikiwa bado iko mbali. Shida ni kazini. Miwani niliyopewa ina nguvu (namba) ya +2.50; gazeti nasoma vizuri, lakini kwenye kompyuta tarakimu zina ukungu mpaka nisogeze uso. Jioni shingo inauma. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mwalimu Mstaafu
Pole sana mwanangu. Wiki sita zimeshapita? Mimi daktari alinizuia kutengenezesha miwani mapema, maana namba huwa bado inabadilika kidonda kikiendelea kupona. Nilivumilia na kitabu cha maandishi makubwa.

Fundi Lenzi
Shikamoo mwalimu, umesema kweli. Mhasibu, miwani yako ni nzima, ila ilipimwa kwa umbali wa kitabu. Lenzi uliyozaliwa nayo ilikuwa ikijikunja na kujinyoosha. Ya bandia ya kawaida haibadiliki, kwa hiyo kila umbali wa karibu unataka nguvu yake. Gawanya 100 kwa umbali wa sentimita, unapata namba ya miwani. Kitabu kikiwa 40 unapata 2.50. Skrini ikiwa 65 unapata kama 1.50. Hesabu hiyo ni ya mtu ambaye kwa mbali hahitaji miwani kabisa. Ukiwa na namba ya mbali, zinajumlishwa.

Chukua futi ya fundi cherehani, kaa unavyokaa ofisini, mwenzako apime kutoka jichoni mpaka kwenye skrini. Nenda na kipimo hicho kwa mpimaji. Watu wengi wanapewa kadi ya kusoma mkononi na hawaulizwi wanafanya kazi gani, jambo linaloniumiza sana.

Mtafsiri, Mombasa
Mimi nilianza na zile lenzi zenye mbali juu na karibu chini, bila mstari. Sokoni na barabarani nazipenda. Kwenye kompyuta sehemu ya katikati ni nyembamba, kutwa nzima nimeinua kidevu. Sasa nina nyingine ya mezani tu, na shingo imepona.

Mama Kisumu
Na ambao tumefanyiwa jicho moja? La pili lina minasi kubwa, yaani namba ya asiyeona mbali. Nikivaa miwani ya namba mbili tofauti hivyo, vitu vinapishana ukubwa, kichwa kinazunguka. Daktari kasema suluhisho ni kufanya na la pili, nangojea zamu. Zile za kuuzwa barabarani zina nguvu sawa pande zote, kwangu hazifai hata kidogo.

Mzee wa Moshi
Ukungu ukirudi baada ya miezi au miaka, msikimbilie miwani mpya. Mimi ilikuwa ngozi nyembamba nyuma ya lenzi imeingia ukungu. Ilifunguliwa kwa leza, dakika chache tu.

Mhasibu wa Ilala
Asanteni sana, nimefarijika. Nimepima: skrini 70, makaratasi mezani 45. Fundi, naweza kupata vyote kwenye fremu moja?

Fundi Lenzi
Unaweza. Omba lenzi za ofisini: juu kama +1.50 kwa skrini, chini kama +2.25 kwa makaratasi, mpimaji athibitishe. Ukienda kuendesha gari ivue, kwa mbali itakuletea ukungu.