Ubao mrefu wa tanga: umepitwa na wakati au tumeuachia bure?

Mzee wa Nyali
Wajuzi wa bahari, nina swali. Siku pwani yetu ikipata mashindano yake ya mbao za tanga, vijana wapandishwe ubao gani? Naona kila mtu anakimbilia foili, ubao unaoinuliwa juu ya maji na mabawa yaliyo chini yake, kwa sababu Olimpiki ya 2024, mbio za Marseille, zilikuwa za iQFoil, ubao wa aina hiyo. Mimi bado niko na ubao mrefu, ule wa karibu mita nne wenye pezi la katikati. Upepo ukiwa kidogo unateleza wenyewe. Upepo ukikaza, pezi linauinua ubavu wa joshini, upande upepo unakotoka, ukingo wa demani, upande wa pili, unazama na kukata maji, nawe umening'inia kwenye tanga, chombo kinabisha, yaani kinaupanda upepo, mpaka raha. RS:X, ubao wa Olimpiki uliokuja baadaye, ilikuwa meza ya kulia: urefu sentimita 286, upana 93. Upepo ukilala, unalipampu tanga, kulivuta na kulisukuma upate mwendo, mpaka mabega yanalia.

Kusi Paje
Meza ya kulia? Shekhe, heshima kidogo. Meza hiyo imewapa watu dhahabu Athens.

Mzee wa Nyali
Athens 2004 ilikuwa Mistral, ubao mrefu huohuo ninaousema. RS:X imeanza 2008, kule Qingdao.

Kusi Paje
Athens, Qingdao, yote bahari. RS:X imekaa Olimpiki nne, mpaka ya Tokyo. Mistral tatu tu. Na mwaka 2012 wakubwa wa shirikisho la tanga duniani walipiga kura Mei kuitoa waweke kaiti, ubao unaovutwa na tiara, Novemba wakairudisha wenyewe. Meza gani hiyo inayong'ang'aniwa hivyo?

Baharia Kilo 90
Mnagombana bure. Ubao mrefu unataka mtu mzito. Upepo ukizidi, mwepesi ubavu unamwinukia, hawezi kuurudisha chini, unampindukia. Dada zetu waanzie foili tu, wasijitese.

Ukhty wa Shela
Dada zenu nani? Lee Lai Shan alichukua dhahabu 1996 juu ya Mistral, na ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki Hong Kong kuipata. Amekulia Cheung Chau, kijisiwa cha wavuvi ambacho ukikiweka kando ya Pate hukioni. Halafu foili ndiyo inayotaka kilo! Wengi waliotoka RS:X kwenda iQFoil ilibidi waongeze mwili. Ubavu ukikuzidi, pandisha pezi nusu, ubao unatulia. Hilo hulijui, na kilo zako zote 90?

Baharia Kilo 90
Sikumtaja mtu jina, ukhty. Mbona umewaka?

Ukhty wa Shela
Sijawaka. Nimekufundisha.

Kibarua Hamburg
Samahani kuwakata kauli. Mlingoti wa foili ya iQFoil una sentimita 95, na mwisho wake kuna mabawa. Maji yakipwa Paje au Diani, ndani ya mwamba, hiyo foili itapita wapi? Maji yanafika magotini. Na Paje kuna vigingi na kamba za mwani za kina mama, bawa likinasa humo mtapigiwa mayowe mpaka Jambiani. Pezi la ubao mrefu unalipiga teke, linarudi ndani ya ubao, unapita. Ubaya wake mmoja: mchanga. Umesukuma ubao ufukweni, chembe zimeingia kwenye mfereji wa pezi, huna habari. Unalizunguka boya uanze kufuata upepo, unapiga teke, pezi halipandi. Mwendo umeshakolea, pezi liko chini, ubao unasimama ubavu na kukumwaga. Mguu wa mlingoti wa tanga nao uurudishe nyuma mapema, usingoje.

Fundi Jambiani
Mnahangaika na plastiki za Ulaya. Ngalawa ya mwembe inapita humohumo, haina pezi wala teke, na inabisha kuliko hizo mbao zenu zote.

Mwana Matondoni
Ngalawa inabisha? Tangu lini? Ngalawa inaburutwa demani huku nahodha anajisifu. Kubisha ni mashua ya Lamu. Ina mkuku, ule mti mrefu wa chini ya chombo, na joshini tunautoa ubao wa kukalia, watu wanaupanda mpaka nje kabisa, makalio juu ya maji.

Fundi Jambiani
Na mkuku huohuo ukishika fungu la mchanga mnakaa kungoja maji yajae. Sisi wakati huo tumeshauza samaki.

Mwana Matondoni
Tunangoja tukiwa tumeshashinda. Lete ngalawa yako Tamasha la Utamaduni Lamu, ubishe mbele ya watu.

Kusi Paje
Na mimi nije na meza yangu?

Ukhty wa Shela
Ilete, wageni wa tamasha hawakosi pa kulia pilau.

Baharia Kilo 90
Kwenye ubao wa mashua watu wazito wanatakiwa au hawatakiwi? Nauliza tu.

Ukhty wa Shela
Wanatakiwa wanaojua lini wakae na lini warudi ndani. Upepo ukikatika ghafla, mzito asiyejua anaizamisha joshini.

Mzee wa Nyali
Jamani, nimeuliza mbao za tanga. Bwana wa Hamburg ameleta jambo zito la kina cha maji na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Wa foili, mnasemaje?

Fundi Jambiani
Subiri kidogo, mzee. Wewe wa Matondoni, tamasha lenu si Novemba? Kusi imekatika, kaskazi haijaingia. Mnachagua mwezi wa kupiga makasia, halafu mnaita mashindano ya tanga?

Mwana Matondoni
Nahodha hupimwa upepo ukiwa mdogo. Au ngalawa nayo inataka kupampu?