Mapacha wangu: Kulwa na Doto, au Bukuru na Butoyi?

Andrea wa Ulyankulu:
Wakuu, nimepata mapacha wa kiume na nyumba imegawanyika. Mke wangu ni Mnyamwezi. Mama mkwe kawaita Kulwa na Doto tangu wodini. Baba yangu hataki. Alikimbia Burundi 1972 akiwa na miaka tisa, akakulia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, na 2014 walipogawiwa vyeti vya uraia kichwa kilishaota mvi. Hajawahi kunibana kwa lolote la kwao. Mimi ni mtoto wa saba, kwa hiyo kwa Kirundi jina langu ni Nyandwi, lakini mwalimu wa darasa la kwanza aliandika Andrea na mzee akanyamaza. Sasa kwa hawa wawili kaja juu: Bukuru na Butoyi, majina ya mapacha ya kwao, basi.

Naogopa. Nimezaliwa hapa hapa, na bado uwanjani niliitwa mkimbizi. Siku 90 za kuandikisha kizazi zinayoyoma.

Mama Shija:
Hongera baba mapacha! Kwetu Usukumani wakija wawili hakuna mjadala, na anayewafuata ni Shija, ndiye huyu wangu. Ila mzee kanyamaza miaka yote hiyo, leo kaomba kitu kimoja. Mpe. Bibi aendelee na Kulwa wake uani, wataitika kote.

Kijana wa Katumba:
Dada, wewe hujawahi kuulizwa babu yako kazikwa wapi. Mimi nina cheti cha uraia kama mzee wako, nina kitambulisho, na kila dirisha wakishasoma jina langu natakiwa nijieleze upya. Mkuu, jina la nyumbani libaki nyumbani.

Muha wa Kasulu:
Mnanichekesha. Bukuru na Butoyi tunao Kigoma tele, na ni Waha wa asili na ardhi yao. Ni kweli hata sisi tunashushwa kwenye basi tuthibitishe Utanzania wetu, lakini hatujayatupa majina kwa sababu hiyo. Andika Bukuru. Akiulizwa, aseme mjomba wake ni Muha wa Kasulu. Ujomba nimejitolea.

Andrea wa Ulyankulu:
Nimemsomea mzee yote. La kijana wa Katumba kalisikiliza kimya, akasema, "Huyo hajakosea." La Muha kacheka mpaka akapaliwa, anauliza mjomba atakuja na mbuzi au mikono mitupu. Kesho naenda kuandikisha Bukuru na Butoyi. Mama mkwe karidhika kwa sharti moja: Bukuru awe yule yule Kulwa, watoto wasije wakabadilishiwa ukubwa.