Chupa ya kuchomeka, ya utambi au ya kufukia: ipi inahimili safari ya wiki mbili?

Balkoni_Tabata
Habari zenu wakuu. Niko ghorofani Tabata, balkoni nina pilipili kwenye ndoo mbili za lita 20, mchicha kwenye beseni lililopasuka na miche ya nyanya bado midogo. Mwezi ujao naenda kijijini wiki mbili na jirani niliyekuwa namtegemea naye anasafiri. Chupa tupu ninazo za kumwaga, za lita 1.5 na zile kubwa za lita 6. Naona watu wana staili tatu, kuna ya kuchomeka chupa kichwa chini kwenye udongo, kuna ya kukata katikati unaweka utambi, na kuna ya kufukia chupa yenye matobo. Waliotumia tupeni mrejesho. Nawasilisha.

dodoma_kavu
Mkuu ya kuchomeka ifute. Ukitoboa kizibo tobo kubwa maji yameisha hujafika hata stendi, ukitoboa dogo matope yanaziba. Halafu kuna suala la hewa ambalo kwenye zile video hawalisemi, chupa ikiwa imezibwa kote hewa haina pa kuingilia, maji yanagoma kushuka na chupa inabonyea mbavu, mpaka utoboe na kitako kwa sindano ya moto.

Huku kwetu mvua ikikata Aprili ni mpaka Desemba hivi, kwa hiyo nafukia. Unatoboa ubavuni kwa msumari wa moto, unaivalisha soksi kuukuu ili udongo usiingie, mdomo unaacha juu. Spidi unaiongoza na kizibo, ukikaza maji yanatoka taratibu ukilegeza yanatoka haraka. Juu panabaki pakavu, magugu hayaoti na jua halipati cha kunyonya.

Mpwani_Likoni
Sawa ndugu yangu, lakini hiyo ni Dodoma na udongo wenu unaoshika maji. Huku pwani ni mchanga mtupu, ukifukia chupa maji yanashuka wima kama hayakuona mzizi. Tabata amejaza nini kwenye hizo ndoo? Maana hapo ndipo penye jibu. Kama ni mchanga wa ujenzi basi achanganye samadi na makumbi ya nazi kwanza, chupa baadaye. Na ndoo ya lita 20 ukishaizika chupa ya lita 1.5 katikati, mizizi itakaa wapi?

Bi_Mchicha
Mwanangu, hiyo miche ya nyanya iweke kwenye utambi wala usibishane na mtu. Kata chupa ya lita 1.5, nusu ya juu igeuze ikae ndani ya nusu ya chini, kizibo kitoboe upitishe utambi, udongo juu maji chini. Maji yanapanda yenyewe kama mafuta kwenye kibatari. Sasa usitumie uzi wa pamba tu maana unaoza, mimi nachana fulana kuukuu za michezo, zile za kitambaa cha nailoni. Lowesha utambi na udongo kabla, utambi mkavu hauvuti kitu. Na funga gazeti nje au paka rangi, chupa ikipigwa na mwanga inaota ukijani ndani na mizizi haipendi mwanga.

Ila ni kwa miche tu. Nyanya ikishakuwa kubwa kwenye jua kali inaweza kumaliza lita nzima kwa siku, hako kabakuli ka chini kataitosha nini?

nairobi_msee
Hapo kwa maji ya chini muangalie mbu pia. Nyinyi watu wa Dar dengue mnaijua, 2014 na 2019 iliwasumbua, na yule mbu wake anapenda hivi vyombo vidogo vya nyumbani. Wiki mbili zinamtosha kabisa kutoka yai mpaka aruke. Ziba ule mwanya kati ya nusu mbili na selotepu ama kitambaa.

dripu_fundi
Mbona hamjataja mpira wa dripu? Unanunua mpya duka la dawa, unachomeka kwenye kizibo, unaning'iniza chupa, unarekebisha na kile kigurudumu. Seti nyingi za watu wazima tone 20 ni mililita moja. Ukiweka tone 20 kwa dakika, chupa ya lita 1.5 inakwenda saa 25. Ya lita 6 ni saa 100, siku nne na kitu.

dodoma_kavu
Sasa si umejijibu mwenyewe mkuu 😂 yeye anataka wiki mbili. Na ukipunguza matone sana linaganda au linaziba, hakuna mtu nyumbani wa kuligonga.

dripu_fundi
Kwa hiyo ndiyo nasema hakuna chupa ya peke yake ya kuhimili wiki mbili kwenye jua, tusidanganyane. Pilipili zitoe juani, tandaza majani makavu juu ya udongo, halafu chupa ya lita 6 iweke juu ya stuli na utambi mnene mpaka kwenye ndoo. Pilipili ikinywa nusu lita kwa siku hiyo ni siku 12, na udongo ukiuloweka vizuri siku ya kuondoka unamaliza zilizobaki. Kila ndoo na chupa yake. Usining'inize chupa kubwa kwenye nondo za balkoni, hizo ni kilo 6 juu ya kichwa cha anayepita chini.

Balkoni_Tabata
Shukrani sana wakuu. Udongo ni mweusi wa kununua na samadi, mchanga kidogo. Kwa hiyo miche utambi, pilipili lita 6 kivulini. Mchicha je, maana beseni ni pana?

Bi_Mchicha
Mchicha ung'oe uule kabla hujaondoka. Mbegu ukirudi unamwaga nyingine, ndani ya mwezi unachuma tena. Utambi jaribu kuanzia wiki hii uone chupa inashuka kiasi gani kwa siku, usisubiri siku ya basi.