Kuunganisha ndege Dar kwenda Mwanza wakati wa Krismasi: saa nne zinatosha?

Mama Pacha
Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tunaishi Muscat, na kila Desemba tunawapeleka watoto wetu wawili kwa bibi yao Mwanza. Mwaka jana ndege ya kutoka Muscat ilichelewa saa mbili. Tukatua Dar es Salaam, tukapanga foleni ya uhamiaji, tukasubiri mabegi, na tulipofika kwenye dawati la ndege ya Mwanza tukaambiwa limefungwa dakika kumi zilizopita. Tiketi zilikuwa za mashirika mawili, na kila moja likatuelekeza kwa jingine, mpaka tukanunua tiketi mpya kwa bei ambayo hadi leo sijamtajia mama mkwe. Mwaka huu tunatua tarehe 22 saa nane mchana, na ndege ya Mwanza inaondoka saa kumi na mbili jioni. Je, saa nne hizo zinatosha?

Mpokea Mizigo
Dada, pole kwa yaliyowakuta. Nimewahi kufanya kazi ya kuhudumia abiria uwanjani, na ninachokushauri ni kutozihesabu saa hizo tangu ndege inapotua hadi nyingine inaporuka. Anza kuhesabu saa pale mabegi yanapokuwa mikononi mwako, ukomee pale dawati linapofungwa, nawe utaona kwamba nne zimekuwa mbili. Kwa kawaida ndege za nje hutua Jengo la Tatu la Abiria, lile lililoanza kutumika 2019, na za ndani huondokea Jengo la Pili, kwa hiyo mtatoka nje na mizigo yote, mtafute gari, kisha mkaguliwe upya.

Jambo la pili ni hiyo jioni yenyewe. Ndege moja ya safari za ndani huenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, na dakika zinazopotea asubuhi hurithiwa na safari inayofuata, hivyo abiria wa jioni ndiye anayelipa madeni ya kutwa nzima. Kama mfuko unaruhusu, laleni Dar mpande ndege ya kwanza ya tarehe 23. Chumba cha usiku mmoja hakifikii bei ya tiketi nne za dharura wiki ya Krismasi.

Binti Kirumba
Naomba kutofautiana kidogo na mkuu hapo juu. Kulala Dar na watoto wawili na mabegi sita ni kuhama nyumba mara mbili. Ningekuwa wewe, ningeuliza kwanza kama ninaweza kupata tiketi moja kutoka Muscat hadi Mwanza, kwa sababu hapo aliyekuchelewesha ndiye anayewajibika kukutafutia ndege nyingine, ilhali ukiwa na tiketi mbili zisizohusiana, shirika la pili linakuona kama abiria aliyechelewa tu.

Mpokea Mizigo
Hilo ni sahihi, na likipatikana ndilo bora. Tatizo ni kwamba Desemba ikishaingia, tiketi za namna hiyo huwa ghali au zimekwisha.

Shangazi wa Ilala
Mwanangu, hayo ya ndege wameyamaliza. Mimi nina la mizigo. Pima mabegi nyumbani, na upime kwa kiwango cha ndege ya ndani, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko cha ndege ya nje. Mwaka juzi nilipiga magoti mbele ya dawati, begi wazi, nikiwagawia wanangu vitenge wavivae juu ya makoti huku foleni nzima ikitutazama. Halwa ya Muscat iweke kwenye begi kubwa, kwa maana wakaguzi wanaweza kuihesabu pamoja na vitu vya majimaji, ambavyo kwa safari za nje chombo chake hakizidishi mililita 100 mkononi. Pawabenki ifanye kinyume: ikae mkononi, isiingie kamwe kwenye begi la chini, na isizidi wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme inaoutunza; ile iliyoandikwa mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hiyo inapita.

Tena soma saa za tiketi kwa makini. Ikiandikwa 00:30 tarehe 22, maana yake ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 22, na nawajua watu waliofika uwanjani usiku uliofuata, wameoga na wamependeza.

Mama Pacha
Shikamoo Shangazi, na asanteni nyote. Nimepiga simu leo: tiketi moja hadi Mwanza imekwisha kwa tarehe zetu, lakini wamekubali kunihamishia ndege ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya tarehe 23 kwa faini ambayo naweza kuibeba. Tutalala kwa wifi yangu Kipawa, mabegi yakiwa manne badala ya sita. Halwa nimeshaihamisha.