Meza za kulia zenye miguu ya chuma: tupeane uzoefu, nani kafurahi na nani anajuta?

KidoleChaMwisho
Wakuu, salamu. Alfajiri hii nimejigonga tena kidole cha mwisho kwenye mguu wa meza, mara ya nne ndani ya mwezi. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Meza ni hizi za kisasa, juu mbao, chini chuma cheusi cha mtindo wa X, na ncha za hiyo X zinatokeza nje kupita ubao wenyewe. Dukani niliizunguka mara tatu naishangaa. Sikuwaza kwamba nyumbani nitaizunguka gizani, pekupeku. Mlionunua au kuchomelesha meza za chuma, mwageni yenu.

BaridiYaBomba
Pole. Kovu langu liko kwenye muundi, tena miaka miwili sasa.

KimyaKingi
Umenitonesha kidonda. Mimi nilitaka ubao mmoja mzima mzito, siyo plaiwudi, siyo wa kuunga. Fundi wa mbao akaniletea wa upana wa sentimita 90, umepigwa msasa hadi unateleza. Fundi wa chuma akatengeneza fremu, akaulaza ubao juu, akaukaza kwa skrubu kumi na mbili kama anafunga injini. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Hautikisiki hata kidogo.

Kiangazi kikaingia. Usiku mmoja tukasikia "ta!" kama fimbo kavu imevunjwa. Tukadhani ni dari. Asubuhi naweka kikombe naona mstari umetoka ukingoni unaelekea katikati. Baada ya wiki ule mstari unapitisha sarafu. Mafundi wote wawili niliwaita siku moja, nikakosea sana, maana nilishinda kutwa nasuluhisha ugomvi badala ya meza.

RandaNaGrinda
Dada, hapo kosa ni la aliyekaza. Ubao mzima hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kila unyevu unapobadilika. Kwa urefu ni kama hausogei. Chuma hakifuati unyevu. Sasa ukiufunga pande zote mbili, ubao unataka kusinyaa kidogo, chuma kimekataa, lazima kitu kipasuke, na siyo chuma. Dawa yake ni matundu marefu kwenye bapa, kile chuma cha fremu kinachoshika ubao, yaelekee upana wa meza, unatia washa (kile kiduara cha chuma chini ya kichwa cha skrubu) na kukaza kiasi ili skrubu iweze kutembea. Kazi ya dakika kumi.

MchomeleajiMstaafu
Kila siku fundi chuma ndiye mwenye kosa. Ubao wenyewe ulikuwa umekauka? Unaletewa mti ulioangushwa juzi halafu lawama anabeba mwenye grinda.

RandaNaGrinda
Mkuu, hata uliokauka unacheza. Ungesoma nilichoandika.

MchomeleajiMstaafu
Nimesoma. Nimechomelea fremu kabla hujajua kushika randa.

KimyaKingi
Hivi ndivyo walivyokuwa sebuleni kwangu. Hivi hivi.

VitiSita
Yangu haikupasuka, ila vipimo. Nilimwambia fundi meza iwe sentimita 75 kwenda juu. Akatengeneza fremu ya 75. Halafu akaja na ubao wa unene wa 5. Viti vyangu kimo cha kukalia ni 45, kwa hiyo watoto wanakula kama watu wanaochungulia ng'ambo ya ukuta. Mpeni fundi kimo cha meza ILIYOKAMILIKA, na mpime nafasi ya magoti chini ya ule upau wa pembeni.

TaaZimezimwa
Sikutaka kusema lakini ngoja niseme. Yangu ilikuwa ya kioo juu, chuma cha dhahabu chini. Kioo cha milimita 10, meta 1.5 kwa sentimita 90. Vijana wawili waliokibeba walikuja wakihema, na kwa hesabu ni karibu kilo 34 hicho kioo peke yake.

Siku hiyo tumemaliza kula, nimefuta meza, nimezima taa, naelekea chumbani. Niko ukumbini nikasikia mlipuko. Siyo kuanguka, MLIPUKO. Nikalala chini. Mume wangu akatoka na kandambili mkononi, sijui alitaka kumpiga nani nayo. Tukawasha taa: fremu imesimama vilevile, nzuri, haijasogea hata inchi. Juu yake hakuna kitu. Kioo chote kiko sakafuni, vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe, na mbaya zaidi vilikuwa vinaendelea kutoa sauti, vinatatarika vyenyewe. Hakuna mtoto, hakuna paka, hakuna kikombe cha moto. Nilifagia hadi saa nane usiku. Miezi mitatu baadaye bado naokota vipande nyuma ya kabati.

BaridiYaBomba
Mungu wangu. Kandambili!

VitiSita
Mlikuwa mmegombana na jirani karibuni? Nauliza tu.

NukuuYaPembeni
Jamani, hakuna cha jirani. Kile ni kioo kilichopashwa moto mkali kikapozwa ghafla kiwandani, ndiyo maana kikivunjika kinakuwa punje na siyo mapanga. Ndani yake kuna mkazo umefungwa. Ukingo ukimeguka kidogo tu, au ndani kukiwa na chembe ya salfaidi ya nikeli iliyobaki wakati wa kutengeneza, kinaweza kukaa miezi au miaka kisha kikapasuka chenyewe. Dada, kioo kilikuwa kimekalia chuma moja kwa moja au palikuwa na vijiraba?

TaaZimezimwa
Vijiraba vilikuwepo vinne. Kimoja kilikuwa kimebanduka, nilisema nitakirudisha mwisho wa wiki.

NukuuYaPembeni
Siwezi kusema ndicho kilichosababisha. Ila kioo hicho hakitaki kugusa chuma kikavu.

VitiSita
Mimi bado nasema jirani.

MguuMfupi
Mmeacha mada. Mwenye meza inayoyumba kwenye vigae anafanyaje? Nimekunja maboksi mpaka nimechoka.

RandaNaGrinda
Angalia kwanza kinachoyumba ni nini. Kama inadonoa, mguu mmoja hauko sawa au sakafu haiko sawa: weka vile vikanyagio vya bolti unavyozungusha kupandisha na kushusha. Kama inacheza kushoto na kulia kama mlevi, bomba ni jembamba na haina upau wa kukingama. Hapo boksi halisaidii.

NukuuYaPembeni
Au izungushe polepole palepale ilipo. Kama miguu yote minne iko sawa na sakafu ndiyo yenye mawimbi, kabla hujamaliza nusu mzunguko utapata sehemu inatulia.

MguuMfupi
Nimezungusha. Imetulia. Sasa imeziba mlango wa jikoni.

MchomeleajiMstaafu
Miguu mitatu haiyumbi popote. Basi.

VitiSita
Miguu mitatu mtu akiegemea kona unaokota sahani.

BaridiYaBomba
Au mguu mmoja katikati. Eero Saarinen, yule msanifu wa meza za mguu mmoja za miaka ya 1950, kilichomkera ni hicho hicho, msitu wa miguu chini ya meza. Ila kitako kiwe kizito na kipana, mtu wa kwangu aliegemea ukingo akaanguka nayo.

MchomeleajiMstaafu
Na wanaopiga deki, mtanikumbuka: mguu wa bomba uliowazi chini unavuta maji, unaoza kwa ndani huku rangi inang'aa nje. Mwambieni fundi azibe kwa kibati kabla ya praima, ile rangi ya kwanza.

KidoleChaMwisho
Nimevalisha ncha za X soksi nne za watoto. Mke wangu ameangalia, hajasema kitu.

KimyaKingi
@TaaZimezimwa, ile fremu ya dhahabu uliitupa?

TaaZimezimwa
Ipo sebuleni. Tunaanikia taulo.

KimyaKingi
Ubao wangu nikiukata kwenye ule ufa nabaki na meta 1.5 kwa sentimita 80 na kitu. Pima kati ya mguu na mguu uniambie. Matundu nitasimamia mwenyewe, asije fundi yeyote wa humu.