Mrejesho: Nilivyofuatilia ukoo wa guka na shosho (babu na nyanya) wa Kinangop, Kenya

Wadau, mtakumbuka niliuliza nitafuatilia vipi ukoo wa guka na shosho, waliopata shamba Kinangop kwenye ule mpango wa ekari milioni moja, wa kuwagawia Waafrika mashamba ya walowezi, ulioanza 1962. Asanteni sana. Nimerudi na mengi, ingawa si yote.

Aliyesema nianze na majina alinifungua macho. Kwetu Wakikuyu mwana wa kwanza hurithi jina la babake baba, wa pili la babake mama, na mabinti hivyo hivyo kwa nyanya zao. Nilipompanga baba na ndugu zake kwa umri, majina matatu ya wazazi wa guka na shosho yalijitokeza yenyewe. La nne, la babake shosho, hakuna aliyelibeba. Shangazi mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akakiri: alikuwapo mvulana, alifariki mchanga. Hatukuwahi kuambiwa.

Rejista ya kanisa ilinipa mwaka wa ndoa. Kuzaliwa kwa guka tumekadiria tu kutokana na riika lake, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja naye.

Ushauri wa kwenda ofisi ya ardhi uligonga mwamba. Miezi minne ya "rudi kesho". Kilichoniokoa ni sanduku la mabati la shosho: risiti za mkopo wa shamba na za pareto (maua ya kutengenezea dawa ya wadudu), zimefungwa kwa uzi.

Hadi sasa nimeorodhesha watoto tisa na wajukuu 41 wa guka na shosho. Vitukuu bado nahesabu, maana wengine wako Marekani na simu hawashiki.